Kijana wa Miaka 15 na Panga la Binamu: Uchambuzi wa Kisa cha Busia

Watu wa kisa hiki ni wa kubuni. Nimewaunda kwa ajili ya wasaidizi wa kisheria na wazazi wanaohangaika na kesi za watoto wao. Hata wangekuwa wa kweli nisingewataja, kwa kuwa sheria ya Uganda inakataza kumtangaza mtoto aliyeshtakiwa kwa namna itakayomfanya atambulike. Sheria yenyewe ndiyo si ya kubuni. Ni Sheria ya Watoto, iliyotungwa mwaka 1996 na kufanyiwa marekebisho mwaka 2016. Namba za vifungu nitaziacha, maana toleo la sheria za nchi lililoanza kutumika Julai 2024 limezipanga upya, na anayetumia kitabu cha zamani na anayetumia kipya watapotezana.

Tuko Busia, upande wa Uganda, mitaa ya karibu na mpaka ambako Kisamia, Kiteso, Kiganda na Kiswahili husikika katika foleni moja. Ni Februari, saa moja na nusu jioni. Mama mmoja anafunga kibanda chake cha mobile money. Wanamjia vijana wawili. Mkubwa ana miaka 22 na mkononi ana panga. Mdogo, tumwite J, ana miaka 15 na miezi minane, naye ni binamu yake. J anavuta mkoba, mama anaung'ang'ania, panga linashuka na kumkata kidole. Shilingi 1,400,000 zinaondoka, sehemu kubwa ikiwa mtaji aliokopa kwenye kikundi cha akina mama. Vijana wa bodaboda wanawafukuza. Mkubwa anawapotea na kukamatwa siku mbili baadaye. J anashikwa palepale, anapigwa, na doria ya polisi inamkuta damu zikimtoka puani.

Nimechagua kisa kibaya kwa makusudi. Mtoto aliyeiba kuku hamsumbui mtu yeyote anayefikiri juu ya haki ya watoto, kwani wizi mdogo, kupigana, kuharibu mali na kuingia shambani kwa mtu vinaweza kumalizwa na mahakama ya kamati ya kijiji kwa usuluhishi, fidia, onyo au kuomba radhi. Unyang'anyi haumo katika orodha hiyo. Hapa kuna kidole kilichokatwa, kuna deni la kikundi, na kuna kijana aliyekuwa na akili ya kutosha kujua anachofanya. Umri wa kubeba lawama ya jinai Uganda ni miaka 12, na J ameupita zamani.

Kituoni

Mama yake J anafika usiku uleule.

"Afande, huyu bado ni mtoto."

"Mama, mtoto hashiki panga."

"Hakushika yeye, afande. Muulize hata huyo mama aliyeibiwa."

Afande anaulizia kitambulisho, hakuna. Kwenye fomu anaandika miaka 18. Kwa tarakimu hizo mbili J anahamishwa kutoka sheria moja hadi nyingine. Analala mahabusu siku tatu, chumba kimoja na watu wazima, wakati sheria inasema mtoto asizidishe saa 24 polisi kabla ya kufikishwa mahakamani, asichanganywe na watu wazima, na mzazi pamoja na katibu wa mambo ya watoto wa LC, yaani baraza la serikali ya mtaa, wajulishwe mapema iwezekanavyo. Katiba ya 1995 nayo, kwenye ibara ya 34, inataka mtoto aliye kizuizini atengwe na watu wazima.

Mama anarudi na kadi ya chanjo iliyochakaa. Mbele ya hakimu anainyanyua juu kabla hata ya kuitwa, na hakimu, kwa bahati nzuri, ni mtu anayesikiliza. Anaagiza umri uchunguzwe. Ripoti ya daktari na kadi vinakubaliana: hajafika 16. Msaidizi wa kisheria ajifunze hapa kuliko mahali pengine popote. Suala la umri huibuliwa siku ya kwanza, kwa sauti, na kwa karatasi yoyote iliyopo, iwe kadi ya kliniki, ya ubatizo au ripoti ya shule. Ukilichelewesha, mtoto yuko gerezani na kila ofisi inasubiri ofisi nyingine iandike barua.

Shtaka

Karatasi ya mashtaka inasema J na binamu yake, kwa pamoja, walimnyang'anya mama pesa, na wakati huo walikuwa na silaha ya kuua, yaani panga. Huo ni unyang'anyi wa kutumia silaha. Kwa Sheria ya Adhabu, silaha ikiwa mkononi mwa mmoja inawahusu wote waliokuwa pamoja, na adhabu yake ya juu kabisa ni kifo.

Mahakama ya Familia na Watoto ndiyo iliyoundwa kwa ajili ya mtu kama J. Inakaa faragha, hakimu anauliza kwa lugha rahisi badala ya mawakili kushindana, mzazi yupo, ofisa wa probesheni (uangalizi wa wakosaji nje ya kizuizi) na ustawi wa jamii yupo. Inaweza kusikiliza mashtaka yote dhidi ya mtoto isipokuwa ya aina mbili: yale yenye adhabu ya kifo, na yale ambayo mtoto ameshtakiwa pamoja na mtu mzima. Shtaka la J limegonga milango yote miwili, na yote imefungwa.

Tazama basi kinachotokea. Mtoto hawezi kuhukumiwa kifo Uganda, sheria imekataza kabisa. Hata kwa watu wazima kifo si lazima tena, tangu Mahakama ya Juu, iliyo juu ya Mahakama Kuu, ilipoamua mwaka 2009 kesi ya Susan Kigula, mfungwa aliyekuwa amehukumiwa kunyongwa. Lakini adhabu hiyo ambayo J hawezi kupewa ndiyo inayomwondolea mahakama yake. Anaenda kwenye foleni ya Mahakama Kuu, na mwisho wa yote, akipatikana na kosa baada ya kushtakiwa pamoja na mtu mzima, anarudishwa palepale kwenye Mahakama ya Familia na Watoto ili itoe amri inayofaa. Amezungushwa kwenda na kurudi ili apewe amri na mahakama iliyozuiwa kumsikiliza.

Watu wakibishana juu ya watoto wakosaji hubishania adhabu: wengine wanasema sheria inawadekeza, wengine wanasema inawaonea. Mimi naona ubishi huo unakuja umechelewa. Kwa J, swali la kama atajibu kwa alichofanya na kama atarekebika lilishaamuliwa siku karatasi ile ilipoandikwa, na aliyeliamua si jaji. Ni mpelelezi na wakili wa serikali waliotumia karatasi moja kwa watu wawili kwa sababu tukio lilikuwa moja. Wangeweza kutenganisha mashtaka. Wangeweza kumshtaki J kwa unyang'anyi wa kawaida, ambao adhabu yake ya juu si kifo, na kesi ingeanza wiki ile katika mahakama yake, mashahidi wakiwa bado wanakumbuka rangi ya mkoba.

Nasikia pingamizi: huko si ni kupunguza kosa? Ni kupunguza jina la kosa, ndiyo. Lakini linganisha kinachompata mtoto. Kwa shtaka lenye adhabu ya kifo, amri ya kuzuiliwa haiwezi kuzidi miaka mitatu. Kwa shtaka jingine, ni miezi mitatu kwa aliye chini ya miaka 16, na miezi 12 kwa aliyezidi umri huo. Tofauti ipo, na kuna watoto ambao kwa kweli walichofanya kinastahili ile ya kwanza: aliyelishika panga mwenyewe na kuliongoza kundi, kwa mfano. J hakuwa huyo. Aliitwa na binamu aliyemzidi miaka sita, akavuta mkoba. Sheria inayomwangalia mtu mmojammoja ingeliona hilo mapema.

Saa isiyoanza kuhesabu

J anapelekwa nyumba ya mahabusu ya watoto Mbale, binamu anapelekwa gerezani. Hakimu hakuzungumzia dhamana, akasema kesi si ya ngazi yake. Alikosea. Sheria ya Watoto inamtaka anayesimamia mahakama, mtoto anapoletwa kwa kosa lolote, amwachie kwa dhamana isipokuwa kuna hatari kubwa kwa mtoto mwenyewe. Inataka wadhamini wawe wazazi au walezi ikiwezekana, na wasidaiwe pesa taslimu. Hapa Busia hatari ilikuwepo, kwani vijana wa bodaboda walikuwa bado na hasira, na hakimu angeweza kuiandika kama sababu. Hakuandika. Aliacha tu.

Kwa kesi zilizo juu ya Mahakama ya Familia na Watoto, mtoto asizuiliwe rumande zaidi ya miezi sita. Ikipita, aachiwe kwa dhamana. Agosti ikafika. Hakuna aliyeomba, na hakuna aliyempeleka mahakamani ili neno hilo la sheria litekelezwe. Aliachiwa Novemba, baada ya miezi tisa, pale wakili wa kujitolea alipopitia daftari la nyumba ile na kukuta jina lake.

Kuna kikomo kingine kinachosifiwa sana katika semina. Kesi ya mtoto isiyomalizika ndani ya miezi mitatu tangu alipojibu shtaka, katika Mahakama ya Familia na Watoto, inafutwa, na hawezi kushtakiwa tena kwa jambo hilo. Katika mahakama ya juu zaidi, muda huo ni miezi 12. Linasikika vizuri. Sasa soma tena: tangu alipojibu shtaka. Kwa kosa lenye adhabu ya kifo, hakimu wa chini hana mamlaka ya kumuuliza J kama anakubali au anakana. Ataulizwa Mahakama Kuu itakapofanya kikao chake na jina lake likiwa kwenye orodha. Kabla ya hapo saa haijaanza. Kikao kilichomfikia J kilikuwa Aprili ya mwaka uliofuata, miezi 14 baada ya tukio, na kwa hesabu ya sheria bado serikali ilikuwa na mwaka mzima mbele yake.

Kifungu hiki ndicho ningekirekebisha kwanza kama ningepewa kalamu. Muda uhesabiwe tangu siku mtoto alipofikishwa mahakamani mara ya kwanza. Kukipitisha Bungeni hakutahitaji kujenga nyumba wala kuajiri mtu, ingawa kukitekeleza kutawatoa jasho wengi.

Sokoni

Desemba, mama wa kibanda anamkuta J sokoni akinunua mandazi. Anaenda moja kwa moja nyumbani kwao.

"Mama J, mwanao anakula mandazi sokoni. Kidole changu mimi kitarudi lini?"

"Dada yangu, yuko kwa dhamana tu. Kesi haijaisha."

"Kwa nani haijaisha? Mimi sijaitwa hata siku moja."

Ana haki ya kusema hivyo. Kwa miezi kumi hakuna ofisi iliyomwambia mtoto yuko wapi, kwa nini ametoka, wala kesi imefika wapi. Aliandika maelezo polisi, akatibiwa kwa pesa zake, akaendelea kulipa kikundi. Wanaotetea watoto, na mimi nikiwemo, tumezoea kueleza urekebishaji kana kwamba unamhusu mtoto na ofisa wa ustawi peke yao. Mwenye kuumizwa akiona hivyo, kila kilichoandikwa kwa ajili ya mtoto kinamfikia kama dharau. Na J naye, ukimuuliza wakati huo, atakwambia ameshalipa: miezi tisa Mbale. Ukimuuliza amelipa nini na kwa nani, hana jibu. Alikaa. Kukaa si kujibu kwa kosa, hata kukiwa kugumu namna gani.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema tuna mizani yenye uwajibikaji upande mmoja na urekebishaji upande wa pili. Katika kisa hiki vyote viwili vilikufa kwa ugonjwa mmoja, kuchelewa. Mtoto wa miaka 15 aliyekaa miezi tisa bila kuulizwa alichofanya hajarekebishwa na hajawajibishwa.

Kikao na amri

Aprili, binamu anaingia makubaliano na upande wa mashtaka, utaratibu ambao una kanuni zake tangu 2016. Anakiri, anafungwa miaka kadhaa. Kwa unyang'anyi, Sheria ya Adhabu inaitaka mahakama iamuru fidia kwa aliyeporwa isipotoa adhabu ya kifo, kwa hiyo kwenye karatasi mama wa kibanda amepata amri yake. Atalipwa na mtu aliye gerezani, lini, ni habari nyingine.

J amebaki peke yake kwenye shtaka. Wakili mpya wa serikali anasoma faili, anaona hakuna shahidi anayemweka panga mkononi, anabadilisha shtaka kuwa unyang'anyi wa kawaida na kulipeleka Mahakama ya Familia na Watoto. Uamuzi wa asubuhi moja, uliowezekana Februari ya mwaka uliopita. Mei, J anasimama mbele ya hakimu na mama yake, anaulizwa kwa Kiswahili kilichotokea, na anakubali. Ana miaka 16 na miezi 11.

Hapo panatokea swali ambalo lingefaa mashindano ya wanafunzi wa sheria. Kikomo chake cha kuzuiliwa ni miezi mitatu au 12? Siku ya kosa alikuwa chini ya 16, siku ya amri amezidi. Maneno ya kifungu hayasemi ni umri wa siku ipi. Kwangu ni wa siku ya kosa, kwa sababu ucheleweshaji ulikuwa wa serikali na si haki umzidishie mtoto adhabu. Hakimu mwingine anaweza kusoma tofauti, na nisingemwita mpumbavu.

Hata hivyo swali hilo linakosa uzito haraka. Muda wa rumande lazima uzingatiwe. Kwa usomaji wangu, miezi tisa imeshazidi kikomo mara tatu. Kwa usomaji wa pili, imebaki miezi mitatu tu. Ya kufanya nini? Kumpeleka Kampiringisa, Mpigi, kituo cha taifa cha urekebishaji, zaidi ya kilomita 200 kutoka kwa mama yake, mahali ambako kwa miaka mingi pia wamekuwa wakipelekwa watoto waliozolewa mitaani Kampala. Miezi mitatu haitoshi kujifunza useremala, inatosha tu kufahamiana na watu. Sheria inataka kuzuiliwa kuwe hatua ya mwisho, baada ya njia nyingine kujaribiwa na uzito wa kosa kudai hivyo, na Mkataba wa Haki za Mtoto ambao Uganda iliuridhia mwaka 1990 unasema vilevile, na kwa muda mfupi iwezekanavyo. Sioni hakimu angejibu nini akiulizwa njia gani nyingine alishaijaribu.

Ripoti ya ofisa wa probesheni inasema baba alifariki, J aliacha shule akiwa darasa la sita, anabeba mizigo mpakani, binamu ndiye aliyekuwa akimlisha siku mbaya. Ripoti nzuri ingeongeza kitu kimoja ambacho hii haina, sauti ya mama wa kibanda.

Ningekuwa mshauri wa hakimu, ningependekeza amri ya uangalizi chini ya ofisa wa probesheni, pamoja na fidia. Amri ya fidia kwa mtoto lazima itazame uwezo wake, kwa hiyo si 1,400,000. Mtoto anayebeba mizigo anaweza kutoa kiasi kidogo kila wiki, kikapitia mkononi mwa mweka hazina wa kikundi cha akina mama, ambaye atakipunguza kwenye deni la mwenye kibanda. Mweka hazina hana sababu ya kumwonea J wala ya kumfichia. Masharti ya uangalizi yangetaja ufundi, pikipiki au uchomeleaji, vyote vinapatikana Busia bila kuhama. Na angeulizwa mama wa kibanda, faraghani na bila kushinikizwa, kama anataka kuombwa radhi ana kwa ana. Akikataa, basi. Msamaha wake si kifaa cha kumrekebishia mtoto wa mwenzake.

Watakaopinga pendekezo hili najua ni wa pande mbili. Majirani watasema ni laini, na kwao ninasema wamfuate J kila wiki akipeleka pesa kwa mtu anayemjua jina, waone kama ni laini. Pingamizi la pili ni gumu zaidi, na linatoka kwa maofisa wa probesheni wenyewe. Uangalizi ni ofisa kufika nyumbani kwa mtoto, na ofisa huyohuyo ndiye anayeshughulikia watoto waliotelekezwa, ugomvi wa matunzo na ripoti za mahakama za wilaya nzima. Kama hana mafuta ya pikipiki, amri yangu ni karatasi. Kwa hiyo amri iandikwe ikimtaja mtu wa pili, katibu wa mambo ya watoto wa LC, awe anamwona J kila Jumamosi na kutia sahihi kwenye daftari, na hakimu apange tarehe ya kulikagua daftari hilo kabla J hajatoka kwenye chumba cha mahakama.